Mjukuu Wangu, Isome Mita Yako

Mjukuu wangu, njoo nikwambie juu ya stima. Usiseme ni jambo dogo. Mji wa Kale huu wa Mombasa nimeumaliza, kuanzia Kibokoni hadi Kuze na Mkanyageni, na nimeona nyumba za watu wenye heshima zao zikidhoofika kwa jambo hili hili unaloliita dogo.

Asubuhi unanunua tokeni za shilingi 200. Magharibi mita inalia. Mfukoni huna kitu, unafuliza kwa mkopo wa simu, unanunua nyingine. Usiku unalala na kiyoyozi, alfajiri mita inalia tena. Nikikuuliza fedha zinakwenda wapi, unanijibu: stima imepanda, babu.

Kweli imepanda, sikubishii. Lakini bei ikipanda ndipo mtu hutakiwa kujua zaidi anachotumia, na wewe hujui. Asiyejua alichokula hawezi kubishana na anayemdai.

Nakuomba unisikilize. Nina umri wa kukuamrisha, lakini leo nakuomba.

Nimewauliza vijana wengi ni kitu gani nyumbani mwao kinakula stima kushinda vyote. Wengi hunijibu taa. Basi mtoto anazimiwa taa ya kusomea, na huku hita ya bafuni inawaka asubuhi na jioni kwa watu sita.

Hesabu yake si ngumu. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Wati zake zimeandikwa nyuma au chini, kwenye kile kibandiko ambacho hakuna anayekisoma. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano haimalizi hata sehemu moja ya ishirini ya uniti. Globu ya zamani ya wati 60, kwa muda huo huo, inakaribia theluthi ya uniti. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi, usiku mzima, imekula uniti nusu na kitu.

Sasa tazama hita. Yaweza kuwa ya wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika kumi, ile ni zaidi ya robo tatu ya uniti. Watu sita kwa siku ni uniti 5. Kwa mwezi ni 150. Na hapo hujapiga pasi, hujawasha friji, hujachemsha chai.

Mwanangu, unakaa Mombasa. Tangi lililo juu ya paa linapigwa na jua kutwa, na maji yake ikifika Alasiri yana joto la kutosha kumwogesha mtoto mchanga. Hita hiyo umeitia kwa sababu umeiona kwa rafiki yako anayekaa Nairobi, ambako asubuhi ya Julai mtu hutetemeka. Hapa ni mazoea tu, na mazoea hayo yana bei.

Tena iko siri ya bei ambayo vijana wengi hamuijui. Tangu Aprili 2023 watumiaji wa stima wa majumbani wamegawanywa mafungu matatu kwa matumizi ya mwezi. Wako wasiozidi uniti 30, wako wa kutoka 31 hadi 100, na wako wanaopita 100. Kila fungu lina bei yake. Mpango ulipoanza, uniti moja ya fungu la chini ilikuwa shilingi 12.22, ya katikati 16.30, ya juu 20.97, na hizo ni kabla ya kodi na makato mengine. Fungu lako hupatikana kwa kutazama wastani wa miezi mitatu.

Umeelewa maana yake? Ukipita 100 hulipii zile za juu tu kwa bei kubwa. Unahamishwa fungu, na uniti zako zote zinahama nawe. Ndiyo sababu mwenzako wa nyumba ya pili ananunua tokeni za fedha zile zile anapata uniti nyingi kukushinda wewe, nawe unadhani umeibiwa. Hukuibiwa. Miezi mitatu iliyopita ulikuwa ukijipandisha mwenyewe, dakika kumi kumi bafuni.

Na juu ya bei hiyo iko gharama ya mafuta. Ng'ambo kule Kipevu iko mitambo inayochoma mafuta mazito kutoa stima, na Rabai vile vile. Jioni watu wote wanapowasha vitu kwa pamoja, mitambo ya namna hiyo hutegemewa kuliko saa nyingine, na thamani ya mafuta yaliyochomwa hurudi kwenye tokeni yako na yangu. Pasi unayoipiga saa mbili usiku ungeweza kuipiga asubuhi. Kanzu ya Ijumaa haihitaji kunyooshwa usiku wa kuamkia Ijumaa huku taa zote zinawaka. Zikusanye nguo za wiki, piga pasi mara moja ikiwa ya moto, maana kila ukiiwasha upya unalipia kuipasha upya.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usikate kitu kabla hujapima. Nimewaona wanaoanza kwa kuzima ovyo, leo wanazima taa ya ngazi mzee anaanguka, kesho wanazima friji maziwa yanaharibika, keshokutwa wamechoka na wamerudi walikotoka. Pima kwanza, mjukuu wangu. Nakusihi, pima kwanza.

Kupima hakutaki mtaalamu wala fedha. Chukua daftari. Usiku kabla ya kulala nenda kwenye mita, andika uniti zilizobaki. Alfajiri ukiamka kuswali, andika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nyumba yako ilichokula wakati nyote mmelala. Watu hushtuka hapo. Hakuna aliyepika, hakuna aliyeoga, na uniti mbili au tatu zimekwenda.

Baadaye, mchana mmoja mkiwa nyumbani, zima kila kitu na chomoa kila waya ukutani. Tazama kile kitaa chekundu cha mita kinachometameta. Chombo kikubwa kikiwashwa, kitaa humeta upesi. Kikiwa kidogo, kitaa humeta polepole. Washa friji peke yake utazame. Zima, washa pampu ya maji utazame. Kimoja kimoja, kwa utulivu, na uandike. Ukimaliza jioni utaijua nyumba yako kuliko fundi yeyote atakayekuja kukutoza.

Na ikiwa umezima kila kitu na kitaa bado kinameta, simama. Hapo pana neno. Nyumba zetu hizi zimegawanywa mara nyingi: chini duka, ghorofani wapangaji wawili, juu kabisa mtoto aliyeoa. Kila mara fundi mmoja ameongeza waya juu ya waya wa mwingine. Huenda waya wako mmoja unamwashia mtu usiyemjua, au umechakaa unavujisha stima ukutani. La kwanza ni hasara. La pili ni mauti. Usipande ngazi na bisibisi. Mwite fundi wa stima mwenye leseni, hata kama itabidi uchangishe.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapokosa usingizi. Ekstensheni moja, juu yake friji, birika, pasi na chaja nne. Soketi imegeuka rangi ya kahawia, na bado mnachomeka. Nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko na roshani za mbao zilizokauka miaka na miaka. Uchochoro ni wa kupita mkokoteni mmoja. Gari la zimamoto litaingilia wapi? Moto ukishika nyumba moja hauulizi ukuta wa jirani ni wa nani. Soketi inayopata moto ukiigusa inakwambia mambo mawili kwa pamoja: unapoteza stima, na watoto wako hawako salama. Usingoje inuke.

Turudi kwenye namba ya usiku. Mara nyingi mkosaji ni friji. Friji ndiyo chombo kisicholala, na wengi wenu mmenunua ya mtumba kwa sababu ni kubwa na bei ni nafuu. Unafuu huo umeulipa dukani mara moja, na hasara utailipa kila siku. Ukipata uwezo wa kununua mpya, tazama lebo ya nyota. Kanuni za 2016 ziliweka lebo hiyo kwa friji na viyoyozi ili mnunuzi ajue kinachokula kidogo. Nyota nyingi, ulaji mdogo. Muuzaji atakusifia rangi na milango miwili; wewe muulize nyota.

Kama ni hiyo hiyo uliyonayo, itunze. Shika noti, ifungie kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango imekwisha. Friji yenye raba mbovu ni kama ngalawa yenye tundu: unafua maji usiku kucha na pwani huioni. Raba mpya haifiki bei ya tokeni zako za mwezi. Isogeze friji iwe mbali na jiko, na iachie nafasi ya shubiri moja nyuma ipumue. Barafu ikiganda nene, iyeyushe. Usitie sufuria ya wali ingali moto. Na kile kifriza cha kugandisha barafu na aiskrimu za kuuza mlangoni, fanya hesabu yake kando: stima yake ya mwezi, na mauzo yake ya mwezi. Nawajua akina mama wanaouza tangu Shaabani hadi Mfungo Mosi na faida yote imeliwa na mita, wala hawajui kwa sababu fedha za barafu zinaingia mkono mmoja na za tokeni zinatoka mkono mwingine.

Pampu ya maji ni fupi kuisema. Choo kinachovuja na bomba linalodondoka huifanya pampu iwake bila sababu. Tengeneza choo kwanza.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniuma hasa, nalo ni nyumba yenyewe.

Stima ilipofika kisiwa hiki, nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa zimesimama. Mtambo ambao Seyyid Barghash wa Unguja aliupata mwaka 1875 kuangazia jumba lake ulinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa hapa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndipo ikaundwa kampuni ya stima ya Mombasa. Ngome yetu ya hapa Mombasa ilikuwa imeanza kujengwa tangu 1593. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi watu waliishi kwenye kisiwa hiki, kaskazi baada ya kaskazi, bila feni wala kiyoyozi, wakalala usingizi, wakazaa, wakasoma, wakazeeka.

Hawakuwa na ngozi tofauti na yako. Walikuwa na nyumba zilizojua kazi yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia nusu mita, joto la mchana huchukua muda mrefu kulipenya. Dari ni za juu, hewa ya moto hupanda ikakuacha. Madirisha ni marefu, ya mbao, yenye vibao vya kufungua na kufunga, yanapitisha upepo na kuzuia jua, na mwanamke anakaa nyuma yake bila kuonwa na mpita njia. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iifanyie nyingine kivuli. Usiponiamini, nenda Ngomeni mchana wa Februari, uingie kwenye chumba cha mawe, kisha utoke uwanjani. Mwili wako utakwambia ninachosema.

Nanyi mmefanya nini? Mmeng'oa madirisha ya mbao mkatia vioo na alumini vinavyofunguka nusu. Mmeziba tundu za juu za ukuta. Mmepiga saruji juu ya chokaa. Mmeongeza ghorofa ya mabati juu ya paa, jua linapiga bati, bati linamchoma aliye chini. Nyumba ikawa tanuri, mkanunua kiyoyozi. Ukimfungia upepo mlango, joto huhamia, na kodi yake unailipa wewe.

Kiyoyozi kidogo cha chumba cha kulala huchukua wati 1,000 hivi kinapofanya kazi. Kwa stima hiyo ungezungusha feni kumi na tano na zaidi. Kikiunguruma kwa muda wa saa nane kila usiku kwenye chumba cha bati, hicho peke yake kinaweza kukuvusha uniti 100 za mwezi kabla mwezi haujafika nusu.

Na siku stima inapokatika? Jumapili ya Desemba 10, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani usiku. Kwenye nyumba yenye madirisha ya mbao watu walifungua vibao wakalala. Kwenye nyumba ya vioo, mwenye mtoto mchanga alitoka naye barazani, na mwenye mzazi mgonjwa alishika kipepeo mpaka asubuhi. Nyumba isiyokalika bila stima si yako tena, mwanangu. Funguo unazo, lakini ruhusa ya kulala ndani yake anayo mwingine.

Nakuomba kwa hili kuliko mengine yote. Kama dirisha la mbao bado lipo, usiling'oe. Litengeneze. Mafundi seremala wanaolijua wamebaki wachache, watumie wangali hai. Kama unataka kubadilisha kitu, ulizia kwanza: Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na ofisi ya uhifadhi wake iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kama bati limeshapigwa, lipake rangi nyeupe na utie dari chini yake. Mchana funga upande unaopigwa na jua, usiku fungua pande mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kaskazi ikivuma una upande wake, kusi ikivuma una upande wake. Nyanya yako alikuwa anajua dirisha la mwezi gani lifunguliwe, na wewe waweza kujifunza kwa wiki moja.

Siwakatazi kabisa kiyoyozi. Nyumba yenye mgonjwa au mzazi aliyejifungua kwenye joto la Machi ina udhuru wake. Basi kiwe chumba kimoja, mlango umefungwa, kipimo kiwe nyuzi 26, na feni izunguke pamoja nacho. Chujio lake lioshwe kila mwezi, kwa sababu vumbi na chumvi ya bahari hulijaza, na likijaa mashine hujichosha bure.

Jikoni nako pana hasara yake, hata kama hupikii stima. Ukifunga mtungi mpya wa gesi, andika tarehe juu yake kwa chaki. Mitungi mitatu ikipita utajua mtungi wa kilo 13 unakukalia siku ngapi, na siku utakapoisha mapema utauliza kwa nini. Mbaazi za asubuhi zilale ndani ya maji tangu usiku. Zisizorowekwa hukuchomea gesi zaidi. Funika sufuria. Chemsha maji mara moja, tia kwenye chupa ya chai, kila anayetaka ajimiminie, badala ya birika kuwashwa kwa kikombe kimoja kimoja. Wapikao kwa makaa, watumie jiko lenye udongo ndani, na wala wasiliingize jiko la makaa chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama mvua ya Mei inanyesha. Hewa ile huua mtu usingizini bila kumwamsha.

Labda utaniuliza, babu, yote haya kwa ajili ya shilingi mia mbili? Nitakuonyesha njia hii inakoishia, kwa sababu nimewaona walioifuata mpaka mwisho. Huanza kwa kufuliza. Kisha ni kukopa kwa mwenye duka. Kisha karo ya mtoto inacheleweshwa muhula mmoja. Kisha anakuja kijana mwenye maneno matamu, anasema atawaungia waya usiopita kwenye mita, na mnamkubalia usiku. Hapo umeingiza haramu nyumbani na umeingiza moto pamoja nayo. Mwisho nyumba inasemwa kuwa ni ya gharama, haikaliki, na ndugu wanakubaliana kuiuza na kuhamia bara. Nyumba iliyowalea watu vizazi vinne inaondoka, na ukiwauliza sababu hakuna anayetaja friji wala dirisha. Kidogo kisichohesabiwa hakikosi siku ya kudai.

Sitaki hilo likufike. Wewe bado una nyumba, una mikono, una akili ya kuhesabu kunishinda mimi. Usijionee haya kushika daftari mbele ya rafiki zako. Usimwachie mama yako peke yake kazi ya kuzima, na wewe mwenye simu tatu na redio mbili ndiye unayewasha. Wafundishe wadogo zako kusoma wati kwenye chombo kabla hakijanunuliwa. Atakayejua hilo akiwa na miaka kumi hatadanganywa dukani akiwa na thelathini.

Usiku huu baada ya Isha nenda kwenye mita, andika namba. Alfajiri andika tena. Fanya hivyo wiki nzima usikose usiku hata mmoja, kisha Ijumaa ukitoka msikitini uniletee daftari hilo tulisome pamoja.